Kikalio cha nanga kutoka Mwanjelwa, baada ya miezi tisa ziwani

Wanawake wanaoingia kwenye karakana za kuchomelea pale Mwanjelwa huwa wanafuata geti, grili za madirisha au jiko la mkaa. Mimi niliingia na boksi la televisheni nililolikata kwa mkasi, nikamwambia kijana aliyeshika grenda kwamba nataka kitu cha kulazia nanga.

“Nanga ya nini, mama?”

“Ya mashua.”

Akazima grenda. “Hapa Mbeya?”

Sikumlaumu. Mji wetu uko juu, mita 1,700 hivi toka usawa wa bahari, na maji tunayoyaona kwa wingi ni ya mvua tu. Lakini ukitoka Uyole, ukaipita Tukuyu na migomba na chai yake, ukateremka mpaka koti lote ulilovaa asubuhi linakuwa mzigo, ukakata kwenda Ipinda, unatokea Matema, na mbele yako ni Ziwa Nyasa. Mashua yangu inakaa hapo, ubavuni mwa nyumba ya shemeji yangu. Ni ya faiba, futi 18, mlingoti mmoja, tanga kubwa na tanga dogo la mbele. Marehemu mume wangu aliinunua kwa Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao, ikaletwa kwa Fuso, na watu wa Kyela waliokuwa njiani siku ile mpaka leo wananiita mama meli.

Mimi kazi yangu ni kushona maturubai ya malori. Naandika haya kama mteja aliyelipa pesa yake, na kama fundi anayejua mshono mzuri na mshono wa kudanganyia. Jina la karakana sitalitaja, kwa sababu nina mazuri ya kusema na nina lawama pia, na yule kijana bado namhitaji.

Nieleze kwanza kwa nini nilikihitaji. Nanga yetu ilikuwa inakaa kwenye ndoo miguuni, huku nyuma tunapokaa. Ukitaka kutia nanga, mtu mmoja anaibeba kilo 7 na mnyororo wake, anatambaa mpaka omo, yaani pua ya mashua, ingawa wavuvi wa Matema wao wanasema “mbele” na maisha yanaendelea. Bahari ikiwa shwari hakuna shida. Nimesema bahari, mnisamehe, nilizaliwa Tanga. Ziwa likichafuka, huyo mtu anatambaa akiwa ameshika chuma kwa mkono mmoja na kamba ya mlingoti kwa mkono mwingine, na hakuna mkono wa tatu wa kujishikia. Ukiamua kuitupa kutoka nyuma ulipokaa, ni mbaya zaidi, maana mashua itageuza tako kwenye mawimbi na maji yataingia kwa mlango wa nyuma. Chombo kinatakiwa kuukabili upepo kwa pua. Kwa hiyo nanga ikae omo, kamba ipite omo, ikivutwa ivutiwe omo. Hilo halina mjadala. Mjadala ni namna ya kuifanya itulie hapo wakati huitumii, na hapo ndipo watu wengi tunapofanya utani.

Maana Ziwa Nyasa si bwawa. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa. Kuanzia Mei mpaka Agosti upepo wa kusini-mashariki, ambao ndugu zetu wa Malawi wanauita Mwera, unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, na mawimbi yanakuja yakijikusanya njia nzima mpaka yanafika kwetu, hayana pengine pa kwenda. Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki kama ukuta. Pua ya mashua ya futi 18 katika hali hiyo inapanda, inashuka, inapiga maji paa! kila sekunde chache. Chochote kilichofungwa omo kwa bahati kitafunguka.

Basi boksi la televisheni. Fundi wa Mwanjelwa hangeweza kufunga safari ya zaidi ya kilomita 100 kwenda kupima pua ya mashua kwa kazi ya siku moja. Nikafanya kama ninavyofanya kwa siti ya lori ambalo halijafika mjini: nikakata pateni. Kipande kimoja cha upana wa sitaha, yaani sakafu ya juu ya mashua, pale mbele, kimoja cha mteremko wa pua ukiitazama kwa ubavu, kimoja cha nanga yenyewe ikiwa imelala. Nikatia alama ya kalamu mahali waya mnene wa kushikilia mlingoti unaposhukia, ili chuma chake kisije kikaugusa. Nanga nikaibeba nayo, ndani ya kiroba, kwenye Coaster, nikilipishwa kama abiria nusu.

Kijana aliipenda ile pateni kuliko alivyonipenda mimi. Alisema wateja wake wengi huwa wanapima kwa mikono hewani. Nanga nayo akaigeuza geuza. Ni ile aina ya majembe mawili bapa yanayocheza kwenye bawaba, iliyobuniwa na Mmarekani Richard Danforth na kutumika sana kwenye vyombo vya kushushia askari ufukweni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwenye mchanga na tope inashika vizuri mno kwa uzito wake, na mbele ya ufukwe wa Matema ni mchanga. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya aina nyingine, ile aliyoibuni Mwingereza Geoffrey Taylor mwaka 1933. Akacheka. “Mama, hii si plau tu? Ya ng’ombe?” Ni kweli, ni plau. Na alikuwa na haki kuniuliza kwa nini sikuleta hiyo, kwa sababu plau inalala yenyewe kwenye kikalio kama mtoto aliyeshiba, wakati hii yangu ina majembe yanayochezacheza na fimbo iliyokingama inayonasa kila kitu. Lakini nanga niliyonayo ndiyo hii.

Alinitengenezea kikalio kwa siku nne. Ni kijia cha bati nene la milimita 5, kuta mbili zimesimama huku na huku, mbele kinatokeza nje ya pua kwa shibiri moja hivi, na kwenye ncha kuna kigurudumu cha kupitishia kamba na mnyororo. Mkono wa nanga unalala ndani ya kijia, majembe yananing’inia mbele chini ya kigurudumu. Juu ya mkono wa nanga inapita pini kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, ili nanga isiweze kunyanyuka. Pini yenyewe ni ile ya kufungia mlango wa nyuma wa bodi la lori, ile yenye kicheni kidogo isipotee. Nilipoiona nilifurahi peke yangu. Pini za hivyo nazijua, nimeziinamia miaka 22 nikipima maturubai.

Sasa uchomeleaji. Hapa nampa haki yake yote. Mistari ya moto imelala sawasawa, imeingia ndani ya chuma, haikukaa juu juu kama ugali uliomwagika. Kona zote zilizokutana na kamba amezipiga grenda mpaka ukipitisha kiganja hakuna kinachokukwaruza. Hili sikumwambia, alilifanya mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini, akasema kamba za kufungia mizigo hukatikia kwenye kona za bodi, ameshaona. Mtu anayewaza kamba wakati anachomelea chuma ni mtu wa kurudi kwake. Kigurudumu cha kwanza alikitoa kwenye bushi ya mpira ya springi za lori. Wazo zuri, matokeo mabaya: mpira uling’ang’ania mnyororo badala ya kuzunguka. Akanikerezea kingine cha nailoni ngumu nyeupe, hicho kinateleza mpaka leo. Bei yote shilingi 95,000, rangi ya kuzuia kutu ikiwamo.

Kisha akanifungia skrubu sita ndefu kwenye kimfuko cha nailoni, akasema, “Hizi zinatosha, mama. Utampa fundi seremala wa huko afunge.”

Nami nikazipokea. Aibu hii ni ya watu wawili.

Tulifunga kikalio mwezi Aprili. Mei tulitoka mara mbili tatu karibu na ufukwe, mambo shwari, nikajisifu. Juni, Jumamosi moja, tukaenda Ikombe, kwa Wakisi, mimi na shemeji na kijana wake mkubwa. Nilikuwa nataka vyungu. Wakisi huvileta wenyewe kwenye soko la Lyulilo kila Jumamosi, lakini ukienda kwao unachagua kabla hawajachagua wengine. Tulipakia vyungu tisa kwenye majani makavu, tukageuza kurudi baada ya saa nane mchana, ambayo kwa mwezi wa sita ni kuchelewa. Shemeji alisema. Mimi nilikuwa nabishania chungu.

Nusu ya njia upepo ukaja. Pua ikaanza kupiga maji. Nikasikia mlio ambao sikuupenda, kong, kong, kong, kila tunaposhuka wimbi: nanga inacheza ndani ya kikalio. Tundu la pini lilikuwa la milimita 16 na pini ya 12, kwa hiyo palikuwa na nafasi, na chuma kikipata nafasi hakiachi kuitumia. Kila mgongo wa wimbi nanga ilinyanyuka ikagonga pini, kila bonde ikashuka ikagonga kijia. Hayo ni makofi mangapi kwa saa moja? Skrubu hazikuumbwa kwa makofi. Nilimwona kijana wa shemeji anasimama, anasema, “Mama mkubwa, kile chuma kinainama,” na kabla sijamjibu kikalio kilinyanyuka upande wa kushoto, skrubu mbili zikachomoka na vipande vya ubao wa ndani ya sitaha, pini ikaruka, haikuwa na kizuizi upande wa pili, na nanga ikaenda.

Ikaenda ikigonga. Ilining’inia kwanza kwenye mnyororo, ikabembea, ikapiga pua mara mbili karibu na usawa wa maji, halafu kamba ikaanza kutoka. Mita 40 za kamba zinatoka upesi kuliko nilivyodhani. Pale tulipokuwa milima inazama moja kwa moja majini. Ziwa hili penye kina kikubwa linafika karibu mita 700, na ingawa hapo si pa kina hicho, mita zangu 40 hazikugusa chochote. Kamba ikafika mwisho, ikakaza tung! Mwisho wake nilikuwa nimeufunga kwenye shina la mlingoti kabla hatujatoka, si kwa ujuzi wa ubaharia, ni mazoea ya cherehani: siwezi kuanza na uzi ambao mkia wake haujapigwa fundo. Wavuvi walinisimulia baadaye ni nanga ngapi ziko chini ya ziwa zikiwa na kamba zake zote.

Kuivuta ilituchukua muda mrefu, kwa mikono, shemeji kaketi akikaza miguu kwenye ukingo, kijana nyuma yake, mimi kwenye usukani nikijaribu kuiweka pua kwenye upepo. Vyungu vitatu vilivunjika. Kwenye faiba ya pua pakabaki kidonda cha ukubwa wa kiganja, cheupe, kinaonyesha nyuzi.

Jumatatu nilikuwa Mwanjelwa na kikalio mkononi.

Sikupiga kelele. Nilikiweka mezani nikamwambia, haya, fundi kwa fundi. Alikigeuza, akatazama kuta, akatazama mistari ya moto, hakuna palipopasuka. “Hiki hakijavunjika, mama,” akasema. “Kimeng’oka.” Na kweli ndivyo. Chuma chake kilikuwa kizima kama siku alipokitoa. Kilichoshindwa ni mahali kiliposhikizwa. Akaniambia kwenye bodi la lori hawezi kuweka skrubu hata siku moja, anaweka bolti inayopenya na bati upande wa pili, ila kwa mashua alidhani ni kama kabati. Nikamwuliza kwa nini hakuniuliza. Akaniuliza kwa nini sikusema. Tukanyamaza wote wawili, akaagiza chai.

Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Ukishona pete ya chuma kwenye turubai bila kiraka nyuma yake, turubai haitachanika popote, itachanika pale pale kuzunguka pete, na pete itaondoka na kipande chake kama jino na fizi. Ndiyo maana turubai zangu zina viraka vya tabaka tatu kila kona. Na najua jambo jingine ambalo madereva hawapendi kulisikia: upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Turubai linalotulia kwenye kilomita 40 kwa saa linakuwa mnyama kwenye 80. Nilijua yote haya kwa malori, nikayasahau nilipofika majini.

Kazi ya pili alinitoza 20,000. Alibana tundu za pini mpaka pini ya 12 inaingia kwa kusukumwa, akatoboa ncha ya pini ili ipite kotapini, kile kipini kidogo cha kuizuia isichomoke, akatoboa kikalio matundu manne ya bolti ya milimita 10, na akanikatia bati la kukaa ndani, chini ya sitaha. Lawama yangu iko hapa: kizuizi cha pini kilikuwa upungufu wake, si wangu, na sikuona sababu ya kukilipia. Nilimwambia. Akapunguza 5,000 kwa uso wa mtu anayetolewa jino. Pia hauzi bolti wala nati wala washa. Utazunguka madukani mwenyewe, na ukirudi na zisizo sawa atakurudisha.

Kufunga mara ya pili tulifunga wenyewe Matema, na nitaeleza polepole kwa sababu hapa ndipo palipotuokoa. Sitaha ya mashua nyingi za faiba si faiba tupu, ni faiba juu, faiba chini, na katikati ubao mwepesi. Ukitoboa tundu ukapitisha bolti, maji yatapata njia ya kuingia kwenye ule ubao, utaoza kimya kimya, na siku moja bolti zako zitakuwa zimeshika uji. Kwa hiyo tulitoboa kwanza tundu kubwa, milimita 14, tukaziba chini kwa plasta, tukajaza gundi ile ya kuchanganya mbili, ya kopo na kopo, tukaiacha siku nzima ikauke. Tulikaa tukitazama ziwa. Mbali kule kulikuwa na lile wingu la vijidudu linalosimama juu ya maji kama moshi wa shamba linalochomwa, na mgeni mmoja kutoka Iringa akawa anatuuliza kama meli inaungua. Kesho yake tukatoboa tena katikati ya ile gundi, milimita 10. Sasa bolti inapita ndani ya gundi ngumu, ubao hauoni maji.

Chini ya sitaha tuliweka kipande cha mninga unene wa inchi moja, kikubwa kuliko kikalio pande zote, halafu lile bati, halafu washa pana na nati. Nguvu ya nanga inagawanyika kwenye eneo lote hilo, haiangukii kwenye tundu. Shida ni kufika huko. Ndani ya pua ya mashua ya futi 18 mtu mzima haingii. Aliyeingia ni mdogo wake yule kijana wa shemeji, ana miaka kumi na miwili na mikono kama mihogo ya kiangazi, akiwa na spana namba 17 na tochi mdomoni, mimi juu nikikaza. Usikaze mpaka sitaha iite. Ikianza kubonyea, umeshazidisha.

Lakini bolti na pini bado hazitoshi, na hili ni funzo la ule mlio wa kong kong. Nanga lazima isicheze kabisa. Nilibandika vipande vya mpira wa tairi ndani ya kijia, mkono wa nanga unalala hapo kwa kubanwa. Kisha kuna kamba nyembamba, mita moja na nusu, inazunguka mkono wa nanga na kikalio mara nne na kufungwa fundo la kuvuta, unalifungua kwa mkono mmoja hata likiwa limelowa. Majembe nayo nayavuta kwa mpira wa tyubu, ule wa bodaboda wa kufungia mizigo, kutoka chini ya kigurudumu kurudi kwenye sitaha, yasibembee. Pini inaweza kupotea, kamba ikashika. Kamba ikikatika, pini ipo. Na mkia wa kamba kubwa uko kwenye shina la mlingoti, safari zote, hata ya kwenda kuvua dakika ishirini.

Kuna kosa jingine nimeliona kwa watu: kuacha nanga ivutane na kikalio wakati chombo kimetia nanga. Kikalio ni njia ya kupitia tu. Mzigo wote wa mashua iliyosimama unatakiwa uishie kwenye nguzo imara ya kufungia kamba iliyo nyuma yake, nayo iwe na bati lake chini. Yangu ilikuja na mashua, niliikagua siku ile ile, Mjerumani alikuwa ameweka bati. Mungu ambariki huko aliko.

Sasa kamba, maana nayo nilipigwa. Duka moja hapa mjini waliniuzia kamba ya buluu wakaniapia ni nailoni. Nailoni ndiyo unayoitaka kwa nanga: inanyumbuka, wimbi likivuta ghafla inalegea kidogo badala ya kung’oa vitu. Mimi nikafanya mtihani wetu wa mafundi, nikachoma ncha kwa kiberiti; ikayeyuka ikatoa shanga, nikaridhika. Kumbe kamba za plastiki za bei rahisi nazo zinayeyuka vile vile. Mtihani wa kweli ni ndoo ya maji. Kata kipande, tumbukiza. Nailoni inazama, ile nyingine inaelea. Yangu ilielea kama bata. Kamba inayoelea inakaa juu ya maji ikisubiri pangaboi la boti la mtu, na jua likiipiga miezi kadhaa inakuwa unga mkononi. Sikurudishiwa pesa. Sasa naanikia maturubai.

Kamba niliyonayo leo ni nailoni ya milimita 12, mita 40, na mbele yake mita 4 za mnyororo wa milimita 8, ambazo peke yake zinakaribia kilo 6. Watu huuona mnyororo kama urembo. Kazi yake ni kulala chini na kuufanya mvuto uende kwa ulalo, maana nanga hii ukiivuta kwa juu inachomoka, ukiivuta kwa ulalo inazidi kuzama. Ndiyo sababu pia kamba lazima iwe ndefu. Pale mbele ya nyumba ya shemeji maji ni mita 4, ongeza nusu mita na kitu ya urefu wa pua juu ya maji, zidisha mara tano, unapata mita 23. Upepo ukiwa mkali nazidisha mara saba, nafika 32. Maji yetu ni maangavu. Kijana wa shemeji anapiga mbizi na kuniambia kama majembe yamezama mchangani au yamelala ubavu. Kwa Ikombe, kwenye mawe, nanga hii haifai kitu, tunafanya kama wenyeji, jiwe na kamba.

Baada ya miezi tisa kikalio kiko hivi: rangi imebanduka pale mnyororo unapopita, kutu ya juu juu imeanza, nimeipiga msasa na kupaka tena mara moja. Haya ni maji baridi. Baharini kingekuwa kimeshakuwa kahawia mwezi wa pili, na kwa mtu wa Dar ningesema asiguse kitu kisichozamishwa kwenye zinki, jambo ambalo karakana hii haifanyi. Kigurudumu kinazunguka. Bolti nimezikagua mara mbili, hazijalegea. Agosti tulipigwa tena na upepo, mbaya kuliko ule wa Juni, na sauti pekee iliyotoka omo ilikuwa ya maji.

Kama mashua yako ni ya futi 14 au chini, usitengeneze kikalio kabisa, utaongeza uzito puani bure. Laza nanga bapa juu ya sitaha, ichongee vibao vitatu vya kuikumbatia, ifunge kwa kamba, basi. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo kama nisingekuwa na magoti haya.

Lakini kama unataka kikalio, kijana wa Mwanjelwa nampa nne kati ya tano. Ile moja ameipoteza kwa skrubu. Juzi nilipompelekea turubai la mkokoteni wake aliniuliza ni lini nitamchukua akaione hiyo mashua yenyewe. Anasema amewahi kufika Kyela kufuata mchele, ziwani bado. Ukienda kwake, nenda na pateni yako ya boksi na nanga yenyewe, umweleze sitaha yako ni ya nini na chini yake kuna nini. Bolti na nati nunua kabla. Jumapili hafungui.